Jiwe la Kijani na Sufuria ya Mami

Nimeuza mawe kando ya barabara kuu hapa Gilgil kwa miaka mingi, hadi mikono yangu huyatambua kabla ya macho. Jiwe jeusi la kioo linalookotwa kule Eburru nalijua kwa ubaridi wake tu. Ungeniambia mwaka juzi kwamba kuna jiwe litakalonichezea shere, ningekucheka. Ningekucheka nikiwa nimefunika mdomo kwa kiganja, maana ndivyo nilivyocheka tangu nikiwa msichana wa shule. Meno yangu ya mbele ni ya kahawia. Si kahawia ya mtu asiyepiga mswaki. Ni rangi ya ndani kabisa, yenye mistari na vishimo, na yeyote aliyekulia upande wetu wa ziwa Naivasha anajua ninachosema bila kuambiwa mara mbili.

Jiwe lenyewe lilifika ndani ya mfuko wa unga. Mwanamume aliyesema anatoka bonde la Kerio aliumimina mezani pangu katikati ya shanga na bangili, nami nikaacha mkufu niliokuwa natunga. Vipande vingine vilikuwa kijani, vingine zambarau, na viwili vitatu vilikuwa na rangi zote mbili, tabaka juu ya tabaka. Jua lilipovipiga ilikuwa kama mtu amewasha taa ndani yake. Nilimuuliza ni jiwe gani hili. Akasema ni zumaridi changa, zumaridi ambayo haijakomaa, ndiyo maana bei yake haiumizi. Mimi, mtu mzima, nyanya wa mtu, nikakubali kwamba jiwe linaweza kuwa changa kama hindi la kuchoma. Hadi leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Nilikaa na kipande cha kijani nikakisugua, na kikakubali upesi kuliko jiwe lolote nililowahi kulifanyia kazi. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Badala yake nilijisifu kwamba mkono wangu sasa umeiva. Nikatengeneza pete. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ya hapa karibu aliipenda, akaivaa papo hapo, akaondoka akiwa amenyoosha mkono mbele yake ili aitazame akitembea.

Alirudi baada ya wiki chache. Hakuja na kelele, alikuja na pete kiganjani. Lile jiwe lililokuwa liking'aa lilikuwa limefifia na kujaa mikwaruzo, kana kwamba mtu amelipaka ugali ukalikaukia.

"Nimeosha tu vyombo nayo," alisema. "Wewe mama, ulikuwa unajua?"

Niliapa kwamba sikujua. Hakuniamini, na niliona wazi kwamba haniamini, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana mbele ya wauza viazi wote wa barabara ile. Nilimwambia achague kitu kingine chochote pale mezani. Hakuchagua. Aliiacha pete juu ya kitambaa akavuka barabara.

Alipokwenda nilichukua kisu cha kumenyea maembe nikakipitisha juu ya kipande kimoja cha yale mawe. Kikaacha mstari. Zumaridi haiguswi na kisu, hilo kila muuza mawe analijua, na nilikuwa nimelijua siku zote bila kujisumbua kujaribu. Kwa hasira nikakigonga kipande hicho na nyundo ndogo, nikitegemea kitasagika. Hakikusagika. Kilipasuka kwa nyuso laini zilizolala mshazari, kila upande umenyooka kama uliokatwa na fundi, na kipande cha katikati kilichobaki kilikuwa na ncha juu na ncha chini. Nikagonga kingine, nacho kikapasuka vilevile. Jiwe lililonidanganya lilikuwa linajichonga lenyewe.

Nilifunga meza mapema nikalipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza saa na miwani karibu na soko. Zamani, kabla ya mgodi wa Kerio kufungwa, alikuwa kwenye maabara yao, kazi yake ikiwa kupima mawe kutwa. Alilitia jiwe chini ya kioo chake cha jicho kwa muda usiotosha hata kupiga chafya, akacheka.

"Hii si emerald, mama. Hii ni floraiti. Vumbi yake nimeila mpaka nikastaafu."

Akanieleza, na mzee huyu akianza kueleza hana breki. Kwenye kipimo cha ugumu cha mawe, kinachoanzia moja hadi kumi ya almasi, floraiti ni nne, kwa hiyo hata mchanga wa kusugulia masufuria unalishinda. Ndiyo sababu watu huliweka kwenye mkufu au hereni, mahali pasipogongwa, na si kwenye pete ya mtu anayeosha vyombo. Rangi zake ni nyingi kuliko za jiwe lolote alilowahi kupima: kijani, zambarau, manjano, samawati, na lingine halina rangi kabisa, wazi kama maji. Lile lisilo na rangi, likiwa safi, hutengenezewa lenzi za darubini za watu wenye pesa. Na jinsi lilivyopasuka mbele yangu ni tabia yake ya kuzaliwa nayo. Lina njia nne ndani yake ambazo halikatai kupasukia, hata ukiligonga kwa hasira.

Kisha akaniinamisha chini ya kaunta, akatufunika sote wawili kwa koti lake zito, akawasha ile taa ndogo ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Jiwe liliwaka. Nasema liliwaka, sisemi liling'aa. Lilitoa mwanga wa samawati kutoka ndani yake lenyewe, na uso wa mzee ukaonekana kwa mwanga huo. Nilirudi nyuma kwa mshtuko nikagonga kichwa kwenye kaunta. Mchana kweupe, nyanya mzima chini ya koti la mwanamume asiye wake, na mteja aliyekuwa akisubiri miwani yake akatuchungulia. Sikujali.

Tulipotoka huko chini niliuliza ni kazi gani basi jiwe hili lilikuwa linachimbiwa, kama halifai pete. Mzee alihesabu kwa vidole. Wanalitupa kwenye tanuri la kuyeyushia chuma, na chuma kinalainika na kutiririka uchafu ukijitenga. Linasaidia kupata alumini, hata hiyo ya sufuria yangu ya nyumbani. Linatoa gesi ya friji. Linatoa asidi kali inayokula kioo, hivi kwamba huwezi kuiweka kwenye chupa, unaiweka kwenye plastiki. Niliifikiria pete ya mwalimu nikajifuta vidole kwenye gauni. Akaniona, akasema nisiwe na wasiwasi, jiwe lenyewe halina neno, limetulia. Na kitu chake hichohicho, akasema, floraidi, ndicho kinachotiwa kidogo kwenye dawa ya meno ili meno yawe magumu.

Hapo nilicheka. Nilisema kama ni hivyo basi mimi ningekula gunia zima. Nilisahau kufunika mdomo.

Mzee hakucheka. Aliyatazama meno yangu kama alivyolitazama jiwe. Kisha akaingiza vidole mdomoni mwake, akatoa meno yote ya juu, akayaweka juu ya kaunta kando ya saa zilizofunguliwa. Yalikuwa ya kununua. Akaongea na ufizi mtupu, maneno yakimteleza.

"Hata zangu zilikuwa kama zako. Hii kitu uko nayo kwa mkono ndio iko kwa mdomo yako. Kidogo inasaidia. Ikizidi, inaharibu."

Sikuelewa, nikamwambia sielewi. Akarudisha meno yake akasema polepole. Si kwamba kuna jiwe hili la kijani chini ya kila kisima chetu. Ila miamba ya huku kwetu, iliyotemwa na milima ya moto, ina floraidi ndani yake, na maji ya chini yakipita humo huibeba. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwa bado yanajengwa ndani ya ufizi, yanatoka yakiwa tayari yameharibika. Ukishayaona nje, mswaki hauna la kufanya.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Ningependa kusema nililia lakini sikulia, nilikuwa kama mtu aliyepigwa na mlango usoni. Maana sisi kwetu Ndabibi tuliambiwa ni uchafu. Mami, mama yangu, aliolewa huko kutoka juu milimani, kwenye mito ya maji baridi, na alikuja na meno yake meupe ambayo anayo hadi leo. Hakuwahi kuelewa kwa nini watoto wake wanaota meno ya rangi ya chai. Kila asubuhi kabla ya shule alitusimamisha mlangoni kwenye mwangaza, mmoja mmoja, akatuinua mdomo kwa kidole gumba na kukagua. Ukiwa na rangi, unarudi kusugua. Tulisugua kwa majivu, tukasugua kwa chumvi, tukasugua kwa kipande cha tofali kilichopondwa, hadi ufizi ukatoa damu. Ukirudi na rangi ileile, unachapwa kwa mwiko, kwa sababu wewe ni mvivu na unamwaibisha. Mimi ndiye niliyekuwa na rangi nyingi zaidi, kwa hiyo mimi ndiye niliyechapwa zaidi.

Nilipomaliza shule nilikwenda kuomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya Naivasha pamoja na binti wa jirani yetu. Meneja alituambia tutabasamu. Binti wa jirani alitabasamu akaandikwa kazi siku hiyo hiyo. Mama yake alijulikana Ndabibi nzima kwa uvivu, mwanamke aliyekinga maji ya mvua kwenye mabati na kuwanywesha watoto wake hivyohivyo. Mami alikuwa akimsema kila siku.

Nilimweleza mzee haya yote, na nikaongeza, kwa fahari, niseme ukweli, kwamba kwetu shida haingekuwa maji. Nilimwambia hakuna mama Ndabibi aliyechemsha maji kama Mami.

Mzee aliacha kufuta kioo alichokuwa anafuta.

"Alikuwa anachemsha aje?"

Nikamweleza kuhusu sufuria. Mami alikuwa na sufuria moja kubwa ya maji ya kunywa, na ndani yake alikwaruza alama mbili kwa msumari, moja juu, moja chini. Maji ya kisima cha pampu, kile kilichoachwa na mzungu aliyekuwa na shamba, yalijazwa hadi alama ya juu. Yalichemka hadi yashuke kwenye alama ya chini, karibu nusu, ndipo yalihesabiwa kuwa yameiva. Yakibaki ya jana hayamwagwi, kwa sababu ni safi tayari. Yanaongezewa mapya na kuchemshwa tena. Sababu ya ukali huu tuliijua sote. Kabla yangu alizaliwa msichana mwingine, mzaliwa wake wa kwanza, na aliharisha siku mbili akafa. Kliniki walimwambia Mami ni maji, achemshe. Akauliza achemshe mpaka lini. Wakamwambia mpaka yachemke kabisa. Akaenda nyumbani akatafuta msumari.

"Mama," mzee alisema, "ukichemsha supu masaa mawili, chumvi inaenda wapi?"

Nikajibu haiendi popote, supu inazidi kuwa na chumvi. Nikajisikia nikijibu. Na kabla hajasema zaidi, nilikuwa nimekwisha kufika alikokuwa ananipeleka. Moto unaua vijidudu, na vijidudu ndivyo vilivyomuua dada yangu, na katika hilo Mami hakukosea hata kidogo. Lakini floraidi si kidudu. Maji yanapaa, yenyewe inabaki. Kila jioni ya utoto wangu Mami alisimama juu ya sufuria hiyo akinitengenezea meno haya, kisha asubuhi akanichapa kwa kuwa nayo. Na yule mvivu wa jirani, Mungu amsamehe na anisamehe, aliwanywesha watoto wake maji ya mawinguni yasiyopita kwenye mwamba wowote.

Nilisema kwa sauti, "Haiwezekani." Nilisema mara kadhaa. Mzee aliniacha niseme.

Kisha akaniuliza swali lililonisimamisha wima. Alitaka kujua kama kuna mtoto anayekunywa maji ya sufuria hiyo sasa hivi.

Yupo. Binti yangu anafanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha na alikuwa amepanga chumba mtaa wa Kihoto, kando ya ziwa. Ziwa lilipopanda likaingia hadi kitandani, tulimchukua mtoto wake tukampeleka kwa Mami, palipo pakavu. Tulimtoa kwenye maji tukampeleka kwenye maji. Ana miaka mitatu. Kwa kuwa binti yangu hajaolewa, mtoto alipewa jina langu, kama desturi yetu ilivyo. Na jina langu ni la mama yake Mami. Kwa hiyo Mami hutuita sote wawili maitu, mama yangu, na akiita jikoni tunaitika pamoja.

Mzee alisema meno ya maziwa si neno sana, hayo yatang'oka. Ya ukubwa ndiyo yanayojengwa sasa hivi, ndani, hayaonekani. "Bado uko na time," alisema. "Lakini si ya kuchezea."

Kesho yake asubuhi nilikuwa Ndabibi. Njiani nilikuwa nimetunga uongo. Ningesema serikali imepima kisima na kukuta kimebadilika mwaka huu, mwaka huu tu, kwa hiyo wote wahamie maji ya mvua. Uongo mzuri, usiomgusa mtu. Mami ana zaidi ya miaka sabini na hakuna kitu anachojivunia maishani kama kwamba baada ya yule wa kwanza hakupoteza mwingine. Sikuwa tayari kumnyang'anya hilo. Lakini pia, na hapa nitakuwa mkweli, palikuwa na kitu ndani yangu kilichotaka ajue. Kilikuwa na umri wa miaka tisa na kilikuwa na tofali lililopondwa mdomoni.

Nilimkuta jikoni. Mtoto alikuwa amekaa chini akimpangia kuku punje za mahindi, na sufuria ilikuwa juu ya moto, ileile, imejaa mibonyeo kwa uzee. Maji yalikuwa yameshuka nusu ya safari. Nilitazama alama za msumari. Nilizijua alama hizo kuliko mistari ya kiganja changu, na sikuwahi kujiuliza nafasi iliyo kati yake ni ya nini.

Alinisalimu, akauliza kwa nini nimekuja mapema hivyo, nani amekufa. Nikatoa uongo wangu. Alisikiliza akikoroga uji. Nilipotaja maji ya mvua aliguna, akaniambia juu ya mabati yake ndege wa ziwani wanakunya mchana kutwa, na maji yale ni ya kufulia na ya ng'ombe. Nikasema yachemshwe pia, sikukataa kuchemsha, ila yakitokota tu yatolewe. Yasishuke.

Akaacha kukoroga.

"Yasishuke kwa nini?"

Hapo ndipo uongo wangu uliponiishia. Sikuwa nimeutungia sehemu hiyo. Nilianza kusema kitu kuhusu kuni, kwamba ni kuzipoteza bure, na nikaona anavyonitazama. Nilitoa mfukoni kipande kimoja cha lile jiwe na kukiweka mkononi mwake, nikamwambia alichoniambia mzee. Nilijaribu kulisema taratibu, nikimlaumu zaidi mzungu na kisima chake na milima ya moto. Sikutaja supu. Sikutaja mwiko.

Mami ni mtu wa kupika. Hakuhitaji kutajiwa supu. Aliweka jiwe kwenye ukingo wa dirisha, akainama juu ya sufuria, mvuke ukimpiga usoni, akagusa alama ya juu kwa kidole. Kidole kikashuka polepole upande wa ndani wa sufuria, juu ya maji yanayochemka, hadi kilipokutana na maji. Nilimwona akiungua. Hakukitoa mara moja.

Kisha akashika sufuria kwa vitambaa viwili, akaibeba mlangoni, akamwaga maji yote nje kwenye majani. Nilishtuka kiasi kwamba sikumsaidia. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona akimwaga maji yaliyochemshwa. Kama tungemwaga hata kikombe, tungejua cha mtema kuni.

Alikwenda mwenyewe kwenye tangi la mvua. Akajaza hadi alama ya juu, akachochea moto, akasimama pale. Maji yalipoanza kutokota alinigeukia, na mwanamke huyu ambaye hajawahi kuniuliza chochote kuhusu jiko akaniuliza, "Sasa?" Nikasema bado kidogo. Yakachachamaa. Akauliza tena, "Sasa?" Nikasema sasa. Akayatoa, na maji yalikuwa palepale kwenye alama ya juu.

Tulisubiri yapoe. Mtoto akaja na kikombe chake cha plastiki, kwa sababu alikuwa amesikia maji. Mami alichota, akakiangalia kikombe, akanipa mimi.

"Mpe wewe," alisema. "Mimi siwezi."

Nikampa. Mtoto alikunywa yote bila kupumua, kama wanywavyo watoto, akafuta mdomo kwa mkono, akarudi kwa kuku wake. Mami hakuondoa macho kwake. Mchana wote alimfuata huku na huku, akimgusa tumbo, akimgusa paji la uso. Mara mbili nilimsikia akimuuliza kama anaumwa, na mtoto akasema haumwi. Nilielewa anamtafuta yule mwingine. Sikuwa nimefikiria kwamba ninapomwomba aache maji ya sufuria ile ninamwomba aibebe tena hofu hiyo.

Alasiri nilifunga kitambaa changu kichwani niondoke. Mami alikuwa amekaa kwenye stuli mlangoni, mtoto amelala mapajani mwake akiwa mzima kabisa. Aliniita maitu. Mtoto hakuamka, kwa hiyo nilijua ni mimi.

"Kuja hapa kwa mwangaza," alisema. "Fungua mdomo."

Nina miaka arobaini na sita. Nilipiga magoti mbele yake nikafungua mdomo. Aliniinua mdomo wa juu kwa kidole gumba, kilekile, kikinuka moshi na kitunguu, akaanza kukagua kama alivyokagua zamani, jino moja baada ya jingine, kutoka kushoto kwenda kulia. Nilingoja aseme ni kisima, aseme hakujua, aseme kliniki ndio waliomwambia. Yote yangekuwa kweli na nilikuwa tayari kuitikia yote.

"Na nilikuwa nakuchapa," alisema.

Hata kama ningejua la kumjibu nisingeweza, maana kidole chake kilikuwa bado mdomoni mwangu.